Kupeleka watoto Disneyland Paris ukitokea Bongo: makaratasi yote, hatua kwa hatua

Mwezi wa sita 2025 niliwapeleka watoto wangu wawili Disneyland Paris, tulitoka Dar sisi watatu tu maana baba yao hakupata likizo, na tangu turudi haipiti wiki bila mtu kuniuliza dada ulianzia wapi, viza ulipataje, watoto walidaiwa nini. Nimejibu kwenye WhatsApp mpaka vidole vimechoka kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja. Mimi sio wakala, siuzi tiketi, ni mama tu aliyehangaika na faili kwa miezi mitano, na ningependa wewe usihangaike vile.

Kitu kimoja kielewe kabla ya vyote. Yule afisa atakayefungua faili lako hakujui, hajafika kwako, hajui kama una nyumba Tabata na kazi na mama mzazi anayekutegemea, anachokijua ni hayo makaratasi tu. Kwa hiyo makaratasi yote yaseme stori moja: tarehe za likizo, za hoteli, za ndege, za bima, za shule, zote ziwe zile zile, majina yawe yale yale, na hela iendane na safari. Watu wengi wananyimwa viza hela wanayo kabisa ila karatasi moja inasema hivi na nyingine inasema vile.

Hatua ya 1: anza na karatasi za watoto, sio tiketi

Kila mtu anaanza kuangalia bei ya ndege. Usianze huko. Anza na vyeti vya kuzaliwa maana ndivyo vinavyochelewesha. Mtoto hapati paspoti bila cheti cha kuzaliwa, bara ni RITA na Zanzibar ni ZCSRA, na kama bado una kile kikaratasi cha hospitali tu basi safari yako inaanzia hapo. Wakenya nyie mnaanzia eCitizen, mambo ni yale yale.

Chukua cheti cha kila mtoto, kiweke mezani pembeni ya paspoti yako na ya baba yake, halafu soma majina herufi kwa herufi. Kabisa, kwa kidole. Cheti cha binti yangu kilikuwa na jina la babu limeandikwa Mohamed na kwenye paspoti yangu ni Mohammed, m moja na m mbili, nimeishi na hiyo tofauti miaka tisa bila kuiona. Ilibidi niende kwa wakili nikatengeneza hati ya kiapo kwamba hayo majina mawili ni ya mtu mmoja, akagonga muhuri, na hiyo hati nikaiweka nyuma ya cheti kila mahali nilipopeleka. Ukiligundua hili miezi sita kabla ni kitu cha siku moja mbili, ukiligundua siku ya apointimenti ya kupeleka maombi ya viza utalia.

Paspoti za Tanzania unaomba onlaini kwenye mfumo wa Uhamiaji, unalipa kwa kontro namba, ni 150,000 kwa kila mtu, mtoto naye anakuwa na yake. Kwa mtoto mzazi unahusika kwenye kila kitu kwa hiyo kitambulisho chako cha NIDA kiwe karibu.

Kama paspoti mnazo tayari angalia vitu vitatu. Iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu angalau, na iwe hai miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya. Sisi tulikuwa tunatoka Paris tarehe 24 Juni, kwa hiyo paspoti isingeweza kuisha kabla ya tarehe 24 Septemba. Mimi nakushauri iwe na miezi sita na zaidi, ndege za kuunganisha zinapita nchi nyingine na wafanyakazi wa kaunta wana masharti yao.

Hatua ya 2: panga tarehe na ujue unaomba viza ya wapi

Disneyland Paris haipo Paris mjini, iko Marne-la-Vallée, kama kilomita 32 mashariki ya jiji, ilifunguliwa Aprili 1992. Kuna hifadhi mbili, yaani viwanja vikubwa vya michezo ya watoto, zimekaa jirani kwa jirani, ya pili iliongezwa 2002, unatembea kwa mguu toka moja kwenda nyingine. Kwa watoto siku mbili zinatosha vizuri, siku ya tatu ni kama uwezo upo. Sisi tulilala usiku nne karibu na hifadhi na usiku mbili Paris mjini.

Viza yake ni ya Schengen. Ukiwa nayo unaingia nchi 29 za Ulaya, unakaa mpaka siku 90 ndani ya siku 180, lakini unaiomba kwa nchi utakayokaa usiku mwingi zaidi. Kama unakaa Ufaransa usiku nne na kwa dada yako Uholanzi usiku nane basi hiyo safari ni ya Uholanzi, hata kama watoto wanaenda kwa ajili ya Mickey. Usiku zikilingana unaomba kwa nchi utakayoingia kwanza. Halafu Uingereza haimo humo, ukitaka kupita London utaomba viza yao peke yake na hii ya Schengen iwe ya kuingia zaidi ya mara moja.

Unaomba ukiwa nchi unayoishi kihalali. Ndugu zetu mlioko Maskati au Dubai mnaombea huko huko na karatasi za ukaazi, hamna haja ya kurudi nyumbani.

Tarehe chagua shule zikiwa zimefungwa, sio kwa ajili ya masomo tu, ni kwamba mtoto akitolewa shule katikati ya muhula utatakiwa ueleze kwa nini. Sisi tulichagua Juni katikati maana huku shule zimefungwa na kule Ulaya watoto wengi bado wako darasani, foleni zinavumilika. Julai na Agosti kule kunajaa. Desemba ni pazuri kwa mataa ya Krismasi ila baridi lake kwa mtoto wa Dar ni kitu kingine, andaa majaketi ya kweli sio sweta la Arusha.

Usimwambie mtoto bado. Nasema kwa moyo wote. Mimi nilimwambia wa kwangu mdogo mwezi wa pili, na kuanzia hapo kila asubuhi akiamka anauliza ni leo? mpaka mwezi wa sita, na muda wote huo sina uhakika kama viza itatoka.

Hatua ya 3: fomu na apointimenti

Maombi unaruhusiwa kuyapeleka kuanzia miezi sita kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla. Sheria inasema jibu ni ndani ya siku 15, lakini faili likihitaji kuangaliwa zaidi wanaweza kufika siku 45. Kwa hiyo usicheze na hizo siku 15 za mwisho. Tatizo kubwa zaidi ni apointimenti yenyewe, ikikaribia likizo za katikati ya mwaka nafasi zinaisha, kwa safari ya Juni mimi nilianza kuitafuta Machi.

Kwa Ufaransa unajaza kwenye tovuti yao ya serikali inaitwa France-Visas. Unafungua akaunti, unajaza fomu ya kila mtu peke yake, hata mtoto mchanga ana fomu yake, mwisho unaprinti fomu na ile risiti yenye orodha ya vitu vya kuleta. Hiyo orodha ndiyo bosi wako, inatokana na majibu uliyojaza, sio orodha ya jirani yako aliyeenda 2019. Fomu ya mtoto inasainiwa na mzazi. Jaza ukiwa umetulia, paspoti mkononi, namba usiandike kwa kukumbuka.

Ada kwa sasa ni euro 90 mtu mzima, euro 45 mtoto wa miaka 6 mpaka kabla hajatimiza 12, chini ya 6 bure. Ilipandishwa Juni 2024, kwa hiyo ukiona mtu amekuandikia euro 80 huyo ana taarifa za zamani. Sisi ilikuwa 90 yangu, 45 ya binti wa miaka tisa, mdogo wa miaka mitano hakulipa, jumla 135, juu yake kuna gharama ya kituo kinachopokea maombi. Hiyo hela hairudi hata ukinyimwa.

Picha ni milimita 35 kwa 45, ya karibuni, nyuma kuwe na rangi nyepesi. Mwambie mpiga picha ni ya viza ya Schengen na umpe hivyo vipimo, maana ukimwambia paspoti saizi tu atakupa ile ya blu ya kitambulisho cha shule.

Hatua ya 4: hela, hapa ndipo penye kazi

Ufaransa wana kiwango chao cha hela unayotakiwa kuonyesha kwa siku: euro 65 kwa mtu mwenye hoteli iliyolipiwa, 120 kwa asiye na hoteli, na 32.50 kama unafikia kwa ndugu mwenye karatasi rasmi ya kukupokea. Mimi nilipiga 65 mara watu watatu mara siku saba, ikaja 1,365, hapo sijaweka ndege. Huo ndio uwe mstari wa chini kabisa, ukiwa na zaidi ni vizuri, ila muhimu kuliko ukubwa wa hela ni hela imekujaje.

Wanataka taarifa ya benki ya miezi mitatu ya mwisho, yenye muhuri wa benki. Wanaangalia mshahara unaingia lini, matumizi yakoje, na salio likoje. Sasa kosa ambalo watu wengi wanafanya ni kuazima hela wiki moja kabla, akaunti iliyokuwa inalala na laki mbili ghafla inaamka na milioni nane. Hiyo wanaiona mara moja, na ni kitu kinachowatia wasiwasi kuliko akaunti yenye hela kidogo lakini inayopumua kila mwezi.

Kama kuna hela kubwa imeingia kihalali, ieleze. Mimi kikoba chetu kinagawana mwisho wa mzunguko na gawio langu liliingia Machi, milioni tatu na laki mbili kwa mpigo. Nikajua hii itaulizwa. Nikamwomba katibu wa kikundi aniandikie barua, tarehe ya kuvunja kikoba, hisa zangu, kiasi nilichopata, saini ya mwenyekiti na mhuri wa kikundi, nikaambatanisha na kurasa mbili za daftari la kikundi zilizopigwa kopi, halafu kwenye taarifa ya benki nikapiga mstari kwa penseli pale hela ilipoingia na kuandika namba ya kiambatanisho. Ukiuza kiwanja weka hati ya mauziano. Ukitumiwa na ndugu weka maelezo yake. Usiache afisa akisie.

Mwajiriwa unahitaji barua ya mwajiri yenye cheo, umeanza lini, mshahara, likizo toka tarehe fulani mpaka fulani, na sentensi inayosema utarudi kazini tarehe ngapi. Hiyo ya kurudi ndiyo roho ya barua. Weka na salari slipu za miezi mitatu. Mwenye biashara weka usajili wa BRELA, TIN, leseni ya biashara, na karatasi za TRA za kodi. Wenye biashara ndogo ambao hela zao zinapita kwenye simu, omba taarifa ya miamala ya miezi hiyo hiyo mitatu kutoka mtandao wako na uiambatanishe, lakini anza mapema kupitisha hela benki maana ndio lugha wanayoielewa zaidi.

Na weka vitu vinavyoonyesha una cha kurudia. Hati ya nyumba au mkataba wa pango, cheti cha ndoa, watoto unaowaacha nyumbani, chochote cha kweli. Mimi baba watoto kubaki Dar kulinisaidia naamini, kwenye barua nilisema wazi kwamba mume wangu anabaki kazini na tunarudi kwake.

Ndoa za kiislamu, kama una cheti cha BAKWATA tu na hujakipeleka RITA, kipeleke kisajiliwe. Karatasi iliyo kwa Kiswahili tupu itafsiriwe Kiingereza au Kifaransa na mtafsiri anayetambulika, ya asili unaiweka pamoja na tafsiri.

Hatua ya 5: ruhusa ya mzazi anayebaki

Hii wengi hawaijui mpaka wafike dirishani. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, yule mwingine anatakiwa atoe ruhusa ya maandishi, iliyosainiwa mbele ya wakili, na kopi ya kitambulisho au paspoti yake iambatane. Barua itaje mtoto kwa majina kamili na namba ya paspoti, anasafiri na nani, anaenda wapi, kuanzia tarehe gani mpaka lini. Ya kwetu ilikuwa ukurasa mmoja, mume wangu alienda nayo kwa wakili mchana wa kazi, ikaisha. Nilitengeneza tatu za asili, moja ya faili, moja ya kusafiria, moja ya akiba.

Kwa walezi wa peke yao mambo ni mazito kidogo. Mzazi mwenzio akiwa amefariki weka cheti cha kifo. Mkiwa mmeachana weka amri ya mahakama inayosema nani ana malezi. Kama baba hajulikani alipo, nenda kwa wakili mapema kabisa, usisubiri, maana hapo unaweza kuhitaji mahakama na mahakama haina haraka yako. Na bibi au shangazi anayempeleka mtoto, anahitaji ruhusa ya wazazi wote wawili.

Barua ya shule nayo weka: mtoto anasoma darasa la ngapi, shule inafungwa lini inafunguliwa lini, mwalimu mkuu asaini na kugonga mhuri.

Hatua ya 6: hoteli, ndege na tiketi za hifadhi

Ndege usilipe kabla ya viza. Wanachotaka ni buking inayoonyesha kwenda na kurudi, wakala wa tiketi anakushikia nafasi kwa siku kadhaa, na ukilipa iwe ni ile inayorudisha hela. Hoteli vivyo hivyo, chagua ya kughairi bure, na jina la kila msafiri liwepo kwenye karatasi. Mimi hoteli ya kwanza ilitoa karatasi yenye jina langu peke yangu na "wageni 3", nikawaandikia imeili wakatuma nyingine yenye majina yote matatu. Omba tu, wanafanya.

Ukifikia kwa ndugu anayeishi Ufaransa hutumii barua yake ya kawaida. Yeye anaenda ofisi ya meya wa mji wake anaomba karatasi inaitwa attestation d'accueil, analipia stempu (2025 ilikuwa euro 30), akishapewa anakutumia ile yenyewe ya asili kwa kuriya, sio picha ya simu. Inachukua muda kwa hiyo mwambie mapema.

Tiketi za hifadhi zinauzwa kwa tarehe na bei inabadilika kutokana na siku, wikendi na likizo ni ghali zaidi. Chini ya miaka 3 bure, miaka 3 mpaka 11 bei ya mtoto. Sio lazima uzinunue ndio upewe viza, ila soma masharti ya kurudishiwa hela kabla hujalipa popote, na nunua kwenye tovuti yao wenyewe au kwa wakala unayemjua kwa sura.

Halafu chukua tepu ya fundi cherehani upime watoto. Hapa ndipo furaha ya safari ilipo na watu wanaisahau. Vibembea vikubwa vina urefu wa chini na pale mlangoni kuna kijiti cha kupimia, hawana huruma hata ya sentimita moja. Big Thunder Mountain, ile treni ya mgodini, na Tower of Terror ni sentimita 102, Crush's Coaster 107, Hyperspace Mountain 120, ile ya Indiana Jones 140. Mimi niliwasimamisha kwenye fremu ya mlango wa jikoni bila viatu, nikapiga alama kwa penseli, mdogo 109, dada yake 131. Nikajua kabla sijalipa kwamba mdogo atapanda ile treni ya mgodini lakini ya 120 atabaki na mimi chini, nikamwandaa, nikamwambia wewe utaenda na mama kwa Peter Pan, na siku yenyewe hakulia. Kama mko wazazi wawili kuna utaratibu wanauita Baby Switch, mmoja anapanda mwingine anakaa na mtoto, halafu mnabadilishana bila kupanga foleni upya.

Hatua ya 7: bima

Bima ya safari ni lazima, iwe na kinga ya euro 30,000 kwa uchache, ifanye kazi nchi zote za Schengen, ihusu matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, na ianze siku unayoingia mpaka siku unayotoka. Kampuni za hapa nyumbani zinatoa na bei sio ya kutisha.

Mimi nilikosea hapa na ni kosa langu mwenyewe. Ndege yetu ya kurudi ilikuwa usiku wa tarehe 24 na kwenye fomu ya bima nikaweka mwisho tarehe 23, kichwani nilikuwa nahesabu usiku wa hoteli badala ya siku. Nikaligundua saa moja asubuhi siku ya apointimenti, napanga faili kwa mara ya mwisho sebuleni. Nikapiga simu, dada wa bima akanitumia nyingine kwenye imeili, nikasimamisha bajaji steshenari ya barabarani nikaprinti, nikafika dakika kumi kabla na mikono inatetemeka. Weka siku mbili za ziada mwisho, gharama inaongezeka kidogo tu na ndege ikiahirishwa umeshajikinga.

Hatua ya 8: siku ya apointimenti

Andika barua ya maelezo ukurasa mmoja: mnaenda nani na nani, lini, mtafanya nini, nani analipa, mnarudi lini kwenye nini. Nyuma yake weka ratiba ya siku kwa siku. Sema ukweli kwa maneno mepesi, mimi niliandika tu kwamba binti amefaulu vizuri na hii ndio zawadi niliyomwahidi tangu darasa la kwanza.

Kila mtu awe na bahasha yake, asili na kopi, zimefuata mpangilio wa ile orodha. Karatasi za pamoja kama taarifa ya benki zitolee kopi kwa faili la kila mtoto, usiseme ziko kwa mama, mafaili yanaweza kutenganishwa. Alama za vidole wanachukua kuanzia miaka 12, zikishachukuliwa zinakaa miezi 59 kwa hiyo aliyewahi kutoa karibuni aseme. Wakikuuliza kitu jibu hicho hicho tu. Paspoti wanabaki nazo, usipange safari ya Nairobi wala Lubumbashi katikati.

Hatua ya 9: viza ikitoka, isome kwanza

Usiifunge ukaanza kushangilia. Soma stika ya kila mtu pale pale. Jina na namba ya paspoti sawa? Kuna tarehe ya kuanza na ya kuisha, halafu kuna idadi ya siku, hivi ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya. Stika inaweza kuwa ya tarehe 17 Juni mpaka 9 Julai lakini siku zimeandikwa 8, maana yake unakaa siku nane tu popote ndani ya hizo tarehe, sio wiki tatu. Kuna sehemu ya mara za kuingia, 01 ni mara moja na MULT ni nyingi. Ukiona kosa sema siku hiyo hiyo.

Ukinyimwa utapewa karatasi yenye sababu zilizotiwa alama na maelezo ya kukata rufaa. Soma sababu. Kama ni hela au lengo la safari halijaeleweka, mara nyingi ni nafuu kurekebisha faili na kuomba upya kuliko kugombana, ila usirudishe faili lile lile bila kubadili kitu.

Hatua ya 10: begi la mkononi na mpakani

Viza sio ruhusa ya mwisho, afisa wa mpakani anaweza kuuliza tena. Kwenye begi la mkononi, sio lile la kwenye mzigo, weka hoteli, tiketi ya kurudi, bima, ruhusa ya baba, vyeti vya kuzaliwa, barua ya kazi. Uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, Paris, afisa aliniuliza maswali matatu: mnaenda wapi, siku ngapi, baba yao yuko wapi. Nikampa ile ruhusa ya wakili, akaisoma yote, akamtazama mdogo wangu aliyevaa kofia ya masikio tayari tangu Dar, akagonga mihuri. Sisi ilikuwa mihuri, tangu 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo mpya wa kielektroniki, wanapiga picha ya uso pale mpakani, na alama za vidole mwenye viza alishazitoa kwenye maombi kwa hiyo wanaweza kuzihakiki tu, watoto chini ya miaka 12 ni picha tu. Ongeza muda kama una ndege ya kuunganisha.

Toka uwanjani kuna treni ya mwendo kasi ya TGV inafika Marne-la-Vallée dakika kama kumi hivi, na ukitokea Paris mjini unapanda treni ya RER A ya Marne-la-Vallée mpaka kituo cha mwisho, chini ya saa moja, 2025 tiketi ilikuwa euro 2.50. Unatoka stesheni na geti liko mbele yako, unatembea na mabegi yako dakika mbili tatu. Hapo ndipo mdogo aliponiachia mkono akasimama, akaniuliza mama ni leo?